Tumekula kunde za mwaka mpya Tanga

Mwaka mpya huu tumeulia Tanga kwa shangazi yangu, mimi na wifi. Wifi kaishi South Carolina huko Marekani kabla hajaolewa na kaka yangu, na toka amerudi hakubali tarehe 1 Januari ipite bila sufuria ya kunde. Kule kusini kwao kunde ndo chakula cha bahati, unakula siku ya kwanza ya mwaka ili riziki isikupitie pembeni. Mi nikamwambia kama ni kunde basi twende kwa wanaojua kuzipika, tukakata tiketi.

Basi tulilipandia Dar, Mbezi, stendi ya Magufuli, alfajiri, limejaa mpaka mabegi yako mapajani maana mwisho wa mwaka kila mtu anakimbilia kwao. Chalinze, Msata, daraja jipya la Wami, Mkata, hapo sina la kusimulia nililala. Niliamka Segera basi linakata kulia kuelekea Muheza na huko mbele ndo mashamba ya mkonge yanaanza, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Huu mkonge aliuleta Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893, na miche yake ilitokea Florida. Nikamwonesha wifi, nikamwambia ona huo nao umetoka huko huko kwenu. Akasema na kunde zao zimetoka huku kwetu, na hapo ndo akanipa stori yenyewe, tumefika Pongwe bado anaongea.

Kunde asili yake ni Afrika jamani. Zilivuka Atlantiki pamoja na watu waliokamatwa na kupelekwa utumwani, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, na hao hao ndo walilima mpunga kwenye mabwawa ya South Carolina kwa sababu kilimo cha mpunga walikuwa wanakijua toka kwao. Kwa hiyo wali na kunde kwenye chungu kimoja, wenyewe wanaita Hoppin' John, ni mapishi ya watu wetu waliopika walichokijua wakiwa ugenini tena kwa lazima. Halafu kuna jambo la tarehe. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1862 watu weusi wa Marekani walikesha makanisani wakisubiri tangazo la rais wao Lincoln la kuwaacha huru waliokuwa watumwa kwenye majimbo yaliyoasi, likaanza kazi tarehe 1 Januari 1863, na mpaka leo makanisa yao mengi yanakesha usiku huo. Mi kwakweli niliposikia hivyo habari ya bahati niliiona ndogo. Mtu anayekula kunde asubuhi ya siku kama hiyo ana sababu kubwa kuliko kutafuta hela.

Hela zenyewe zipo lakini. Kunde ni sarafu, majani ya kijani yaliyopikwa ni noti, mkate wa mahindi ni dhahabu. Nguruwe anawekwa kwa sababu akichimbua anaenda mbele harudi nyuma. Waitaliano nao wanakula adesi, hizo nazo sarafu, na Wahispania wanameza zabibu 12 saa sita usiku, moja kwa kila mlio wa kengele.

Tulipofika Ngamiani, shikamoo shangazi, marahaba wanangu karibuni, wifi akamweleza yote hayo kabla hata hajavua viatu. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. "Mkamwana wangu," akasema, "riziki anajua Mungu, kunde hazijui kitu. Ila kupika tutapika, tena tupike nyingi, maana watu watakuja." Nguruwe hakujadiliwa, nyumba ya Kiislamu ile, na wifi mwenyewe alisema hata kule wapo wanaotumia bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi. Sisi tukachukua papa mkavu.

Kunde tulinunua soko la Mgandini, zile nyeupe zenye jicho jeusi. Shangazi alikuwa anazichota anaziachia zidondoke kwenye kiganja kingine, zenye tundu anazirudisha, mwenye genge kanuna lakini akamwacha. Nyumbani zikapepetwa kwenye ungo, zikatolewa vijiwe, zikalala kwenye maji usiku kucha huku sisi tunasubiri saa sita kibarazani na upepo wa kaskazi unatupunguzia joto.

Asubuhi mabishano yakawa wali na kunde vipikwe pamoja au mbalimbali. Wifi anataka chungu kimoja. Shangazi akauliza kwani hiyo si kama mseto wa choroko? Ni kama mseto, akajibiwa, basi tukaelewana. Nazi nilikuna mimi, nikiwa nimekalia mbuzi, tui zito nikaliweka pembeni na tui jepesi likaenda kwenye sufuria na kunde zilizochemshwa nusu kuiva, kitunguu, nyanya, bizari kidogo, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na papa aliyerowekwa akapungua chumvi. Mchele ukaingia baadaye. Tui zito shangazi alilimwaga mwisho kabisa, akageuza mara moja taratibu kutoka chini kwenda juu, akafunika, akatoa mkaa chini akauweka juu ya mfuniko. Ukifunua ile harufu ya nazi na papa inakuja kwanza, na kunde moja moja unaziona zimebaki nzima, hazijavurugika.

Majani ya kule ni ndugu kabisa na sukuma wiki kwa hiyo hapo hatukuhangaika. Mkate wa mahindi tuliuoka kwa moto juu na chini, sembe yetu nyeupe kwa hiyo dhahabu haikuonekana, ila mayai ya kienyeji yaliutia rangi kidogo na watoto waliumaliza kabla ya wali kupakuliwa.

Watu walikuja kweli. Jirani wa mbele na mama yake, mafundi wawili waliokuwa wanapiga bati nyumba ya pili, na bibi mmoja ambaye wazee wake ni wa Makunduchi, Unguja. Huyo akatuambia kwao mwaka unaogwa Julai, Mwaka Kogwa, na siku hiyo mtu kukosa mgeni ndani kwake ni nuksi, kwa hiyo watu wanamtafuta mgeni wa kumlisha. Shangazi akamwongezea wali bila kuuliza.

Kilichobaki tulikula kesho yake. Wifi anasema hata kule kuna jina la kiporo hicho, Skippin' Jenny, na ukikila tarehe 2 unaonesha unajua kubana matumizi, mwaka wako utakuwa mzuri zaidi. Sisi tulikipasha moto saa moja asubuhi, tukala na chai ya rangi yenye tangawizi, papa amekolea kuliko jana, halafu tukabeba mabegi kwenda stendi.