Protini ninayoipenda ni PII

Wenzangu maabara wanapenda protini zinazong'aa kijani. Mimi na PII, protini ya bakteria. Ni ndogo, haivunji wala kuunganisha kitu chochote. Kazi yake ni kupeleka habari tu, habari ya nitrojeni.

Waoteshe bakteria E. coli kwenye glukosi na amonia, asubuhi chupa imekuwa nzito kama tui. Badala ya amonia wape arjinini, chanzo duni cha nitrojeni, wanajikokota. Wanajuaje kwamba hali imebadilika? Kila mwaka wanafunzi wananijibu kwamba lazima kuna kitu kwenye utando kinachoonja amonia ya nje. Hapana. Bakteria anaangalia glutamini (asidi amino anayoiunda kwa amonia na glutameti) iliyo ndani yake mwenyewe. Sydney Kustu na wenzake wa Berkeley walilionyesha hilo mwaka 1996 kwa Salmonella: nitrojeni ikiadimika nje, glutamini ndani hushuka, na kushuka huko ndiko kunakosomwa.

Msomaji ni kimeng'enya GlnD. Glutamini ikipungua, hubandika UMP, kipande kidogo cha kemikali, kwenye PII. PII iliyobandikwa humfanya kimeng'enya GlnE abandue AMP, kibandiko kinachozima, kutoka kwenye sinthetazi ya glutamini, kimeng'enya kinachonasa amonia. Na hapa ndipo utamu ulipo, maana sinthetazi hiyo ina vipande 12 na kila kimoja huweza kuzimwa peke yake. Vitano vikizimwa, saba vinaendelea na kazi. Wakati huohuo protini NtrB na NtrC wanawasha jeni za kutafuta nitrojeni kwingineko. Hao nawaacha leo.

Mwanafunzi mmoja, mbishi kweli, akauliza: amonia si ndiyo wanayoitaka, ya nini kuzima? Swali zuri. Kila amonia inayonaswa na sinthetazi hugharimu ATP moja (sarafu ya nishati ya seli) na glutameti moja. Bakteria aliyetoka kwenye njaa ana sinthetazi tele, zote zimewaka. Mmwagie amonia ghafla, zitakomba glutameti yote. Kundi hilohilo la Kustu lilikuwa limeliona mapema, 1984, kwa Salmonella wasio na GlnE, ambaye ndiye pia anayebandika AMP na kuzima: walipopewa amonia nyingi baada ya njaa, glutameti iliporomoka na ukuaji ukakwama. Yaani shibe ndiyo iliyowaangusha.

Kwa E. coli wa kawaida, asiyepungukiwa jeni, kuna kinga ya ziada. GlnK, ndugu wa PII, huenda kwenye AmtB, mfereji wa amonia ulio kwenye utando, na kuingiza vitanzi vyake vitatu katika matundu matatu ya mfereji huo, amonia isipite.