Siku moja maishani mwangu: mimi na kompyuta za protini, Kampala

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko ndani ya teksi kutoka Kawempe, Bwaise jam kama kawaida, nashuka Wandegeya nanunua roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, napanda kilima kwa miguu. Mtaani nikisema nashughulikia kompyuta za chuo watu wananiletea simu zilizopasuka vioo. Jamani, mimi natunza maabara ambako wanafunzi wa baiolojia na udaktari wanatazama molekuli, si kuwasha na kuzima tu.

Saa mbili hadi saa nne: vumbi, yupiesi (zile betri za akiba), paswedi za waliosahau. Imeisha hiyo.

Saa nne na robo anaingia mhadhiri mmoja, mtu mzima, jina namhifadhia, ana wageni saa nane. "Wewe kijana, mashine yenu mbovu, protini inachezacheza." Pole Daktari, hebu nione. Kafungua PyMOL, programu ya kutazama molekuli, ndani kaweka faili 2HBS, ile himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya siko seli kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, kaivisha ganda zima juu ya atomi zote, na kila akizungusha na mausi picha inachelewa halafu inapepesa. Nikashika dirisha nilisogeze, likanepa kama chapati mbichi. Nikajua hapohapo. Kuna mtu kawasha madoido yote ya KDE, yaani mapambo ya ile desktopu ya Linux tunayotumia, madirisha ya kuyumba, uwazi, vivuli, desktopu inayogeuka mchemraba.

Watu hawaelewi kitu kimoja. Madoido yakiwaka programu haichori moja kwa moja kwenye skrini, inachora pembeni kwenye kumbukumbu, halafu msimamizi wa madirisha anakusanya picha zote anazipanga na vivuli vyake ndo anazituma kwenye skrini, na kazi hiyo anaifanya kwa kadi ileile ya grafiksi ambayo PyMOL inaitegemea kuzungusha maelfu ya atomi. Ukiwa na kadi ya nguvu hutaona tofauti. Zetu ni vikadi vilivyobanwa ndani ya prosesa.

Nikabonyeza Alt+Shift+F12, madoido yakalala, protini ikazunguka laini kabisa. Unadhani alishukuru? Kakasirika, eti desktopu imekuwa ya kizamani, wageni watamwonaje. Nikawasha tena, ikapepesa tena. "Basi tengeneza vyote viwili." Huku nyuma wanafunzi wanasubiri viti, simu yake inaita anapokea hapohapo juu ya kichwa changu anamwambia mtu kwamba vijana wa kompyuta wanamchelewesha. Nikanyamaza. Nikasoma mstari wa GL_RENDERER kwenye PyMOL, unaotaja nani anachora picha, maana ukikuta llvmpipe pale, mchoraji wa programu tu, ujue kadi imelala na prosesa ndo inabeba mzigo wote, lakini hapana, draiva ilikuwa nzima. Nikamwekea sheria ya dirisha kwenye KDE: PyMOL ikifunguka madoido yazimike, ikifungwa yarudi yenyewe. Halafu nikalivua lile ganda nikaacha riboni, utepe unaofuata umbo la protini, nikaonyesha pale tu penye maana, valini ya 6 (valini ni asidi amino, tofali la protini) ya mnyororo wa beta inavyojichomeka kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, kati ya asidi amino nyingine mbili, fenilalanini 85 na lusini 88. Ndiyo hapo himoglobini zinaposhikana zikawa nyuzi na chembe ya damu ikapinda kama mundu. Kwa picha ya slaidi nikatumia amri ya ray ya PyMOL, inayotoa picha tulivu yenye ubora, hiyo inapigwa na prosesa, madoido hayaigusi. Akaitazama muda mrefu. "Hii sasa ndo picha." Akaondoka, ahsante sijaisikia.

Chakula nilikula nimesimama, umeme ukakatika, jenereta ikachukua muda wake, zile kompyuta zenye betri zilizochoka zikazima na wanafunzi wakapiga kelele. Baadaye wakavaa miwani ya karatasi nyekundu na buluu kuona molekuli kama imetokeza nje ya skrini, PyMOL inaweza hivyo bila kadi maalumu, na kucheka kwao kulinipa nguvu kidogo maana mgongo ulikuwa umekwisha.

Jioni, sijui saa ngapi, giza limeingia, niko Bwaise kwenye jam ileile, simu inaita, Daktari. Wageni wamefurahi, sasa anataka ile sheria yangu kwenye laptopu yake mpya. Namuuliza inatumia Wayland, ule mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux? Hajui. Kama ni Wayland basi madoido hayazimiki yote hivyo, maana pale msimamizi wa madirisha ndiye huyohuyo seva ya skrini, itabidi tuondoe doido mojamoja. Nikamwambia aje kesho saa tatu, na abebe chaja.