Sherehe ya saa sita ni kazi ya siku tatu

Simu inaingia Jumanne jioni: "Habari za leo, mimi ni mweka hazina wa kamati ya sendoff. Unapiga picha kwa bei gani?" Mpiga picha anayeanza hapa Mbeya hujibu papo hapo, laki na nusu, kwa sababu kasikia kuna mtu Mwanjelwa anafanya kwa laki na nusu. Hapo kashauza kazi asiyoijua. Huyo wa Mwanjelwa huenda kamera yake ilishajilipa zamani, ana mashine yake ya kusafishia picha na kila wiki ana sherehe mbili. Wewe kamera bado ina deni.

Simu hiyo ijibiwe kwa maswali. Sherehe ni lini, ukumbi gani? Inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi? Nianzie saluni, kanisani au ukumbini? Mnataka picha za mnato peke yake au na video? Albamu ipo, au picha zikae kwenye flashi diski tu? Ukishajua hayo, mwambie utamtumia bei usiku huohuo, kisha kaa chini na daftari.

Tuchukue sendoff ya Jumamosi mjini Mbeya, kadi imeandikwa saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Kukutana na kamati na kwenda kuukagua ukumbi, saa mbili. Siku yenyewe unafika saa 11, kwa hiyo saa saba. Kunakili picha sehemu mbili tofauti, saa moja. Ukipiga picha 1,200 na kuchagua 300, hizo ni saa tatu. Kuhariri 300 kwa dakika mbili kila moja ni dakika 600, yaani saa kumi. Kupeleka za kusafishwa, kuzipanga na kukabidhi, saa mbili. Jumla saa 25. Ukifanya kazi saa nane kwa siku, siku tatu zimekwisha na saa moja inadai.

Sasa pesa. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme maisha yako kwa mwezi ni 450,000. Kamera na lenzi ulinunua kwa 2,400,000 na unataka zidumu miaka minne: gawa kwa miezi 48, ni 50,000 ya kuweka kando kila mwezi. Bando, umeme, matengenezo, leseni na matangazo weka 100,000. Jumla 600,000. Unapata sherehe ngapi kwa mwezi? Usihesabu Desemba. Kuna Kwaresima na Ramadhani, harusi zinapokauka, na kuna Januari ya ada za shule. Weka tatu. Kila sherehe basi inadaiwa 200,000 kabla hujatoka nyumbani.

Juu yake zinakuja gharama za kazi yenyewe: bodaboda kwenda na kurudi usiku 10,000, msaidizi wa kushika taa 30,000, picha 40 za inchi 5 kwa 7 kwa 1,000 kila moja ni 40,000, albamu 35,000, flashi diski 15,000. Hizo ni 130,000. Bei yako ya chini kabisa ni 330,000, na chini ya hapo unamchangia bibi harusi bila kuandikwa kwenye daftari la michango. Tamka 380,000. Kamati lazima iombe ipunguziwe, ni kazi yake, nawe uwe na 50,000 ya kuachia.

Wakisema wana 250,000 tu, usikubali kazi ileile kwa pesa hiyo. Toa vitu. Ukiondoa albamu, picha za kusafisha na flashi diski umeondoa 90,000, sakafu yako inashuka hadi 240,000. Waambie, "Kwa 250,000 nitawapa picha 300 zilizohaririwa, mje na flashi diski yenu." Ukipunguza bei peke yake, kamati itajua kuwa bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na mtu wa pili atakayeletwa na kamati hiyo ataanzia 250,000.

Ukumbi nao una bei yake, ndiyo maana kwenda kuukagua si kupoteza muda. Angalia dari. Dari nyeupe iliyo chini inarudisha mwanga wa flashi vizuri, sura zinatoka laini. Mapambo yakifunika dari kwa vitambaa vya zambarau au bluu, mwanga ule unarudi na rangi ya kitambaa na bibi harusi anatoka na uso wa kijivu. Taa za rangi za jukwaani zikiongezeka, zile dakika mbili za kuhariri zinakuwa nne, na saa kumi zinakuwa ishirini. Ukiukuta ukumbi wa hivyo, panga taa ya pembeni yenye stendi na ongeza gharama yake kabla hujatuma bei. Angalia na kadi za kumbukumbu za kamera yako: picha 1,200 za RAW, yaani faili ghafi kabla ya kuhaririwa, kwa kamera ya megapikseli 24, kila moja kama MB 28, zinakaribia GB 34. Kadi moja ya GB 32 itajaa kabla sherehe haijaisha. Beba mbili au tatu.

Nje ya mji hesabu inabadilika kabisa. Sherehe ya Kyela ikiisha saa 7 usiku huenda usipate gari la kurudi, kwa hiyo bei ibebe nauli za watu wawili, gesti na chakula. Halafu kuna jambo ambalo wageni wa kazi hawalitegemei: unatoka kwenye baridi ya Mbeya, unateremka hadi joto la ziwani, unafungua begi na lenzi inafunga ukungu kama dirisha la jikoni. Ukiifuta inarudi. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la pale, nusu saa au zaidi. Maana yake ufike mapema, na muda huo uhesabiwe. Tukuyu tatizo ni mvua: mfuniko wa kamera, mwavuli na msaidizi si vya hiari, hata kama kamati inasema sherehe ni ya ndani. Picha za nje zitakuwepo tu.

Saa za ziada ziandike tangu mwanzo, kwa mfano 30,000 kwa kila saa baada ya saa 6 usiku. Kadi ya saa 12 huweza kuanza saa 2, na bila mstari huo ukumbi mzima utakuona wewe ndiye mkorofi.

Malipo: nusu siku ya kuthibitisha, na tarehe haishikwi kwa maneno. Salio lilipwe kabla ya siku ya sherehe. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu baada ya sherehe ahadi za michango ambazo hazijalipwa huwa hazilipwi tena, na kamati ikishavunjwa hakuna wa kumdai. Mweka hazina atakwambia wazi kabisa kwamba yeye kafunga hesabu. Ujumbe uwe mfupi: "Sendoff Jumamosi, saa 11 jioni hadi saa 6 usiku, picha 300, albamu moja ya picha 40, siku 14 za kukabidhi. 380,000. Advansi 190,000, salio Alhamisi kabla ya sherehe." Akijibu "sawa", mmekubaliana kwa maandishi.

Kazi za taasisi, kama semina au mahafali ya chuo, zina kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo taasisi huikata kabla ya kukulipa. Ukitaka 400,000 mkononi, usitaje 400,000, utapokea 380,000. Gawa kwa 0.95, taja 421,000 na kitu, na udai hati ya hicho kilichozuiwa.

Wateja watatu mfululizo wakikubali bila kuomba punguzo, panda 50,000 kwa mteja wa nne. Waliokwisha kulipa advansi wabaki na bei yao ya zamani.