Saa tatu ya Mama Selam

Mama Selam alipohamia nyumba iliyopakana na yangu hapa Pangani, Nairobi, nilijua mambo mawili tu kuhusu Ethiopia: njaa na mbio.

Ijumaa ya kwanza nikampelekea pilau ya nyama. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaifunika. Jioni nikamwona mtoto wa mlinzi anaila. Naandika nilichowaza, aibu na iwe yangu: watu wa kufa njaa, na bado wanachagua chakula!

Baadaye akanialika kahawa Jumamosi. Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga, kwa hiyo saa akaitaja kwa Kiingereza, nami nikaigeuza kama tulivyofunzwa shuleni: tatu ya Kizungu ni saa tisa. Nilipobisha hodi saa tisa alasiri, majani mabichi aliyoyatandaza sakafuni yalikuwa yamenyauka na makaa yamebaki majivu. Alikuwa amenisubiri tangu asubuhi. Kumbe kwao saa zinahesabiwa kama kwetu, jua likichomoza ndipo unaanza moja. Angesema "saa tatu" kwa Kiswahili chake kibovu, ningefika kahawa ikiwa moto. Tulipotezana kwenye Kiingereza.

Usiku huo nikachukua daftari la mwanangu Brian, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika ninachoamini kuhusu Ethiopia, kulia nimekitoa wapi. Kushoto kulijaa upesi: jangwa, joto, njaa. Kulia nikaandika neno moja mpaka chini: televisheni. Zile picha za njaa ya 1984. Nchi nzima nilikuwa nimeisimamisha mwaka huo.

Maswali makubwa sikumuuliza. Utamwulizaje jirani kama kwao kuna chakula? Niliuliza madogo madogo, tukichagua mchele mlangoni. Addis Ababa iko juu kuliko Nairobi, zaidi ya mita 2,300, ndiyo maana baridi yetu ya Julai haimshtui. Jumatano na Ijumaa, Waorthodoksi wa kwao hufunga: hawali nyama, maziwa wala mayai. Pilau yangu ilikufa hapo. Njaa hakuikana. Mama yake ni wa Wollo, eneo la kaskazini lililopigwa na njaa hiyo, na mwaka ule alizika ndugu wawili. Tulinyamaza kidogo, tukaendelea na mchele.

Mengine nilijisomea. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua umeme wa Ethiopia, kwa kuanzia megawati 200. Nikaitazama balbu ya jikoni, nikacheka peke yangu.

Siku hizi Ijumaa nampelekea githeri, mahindi na maharagwe, ya kukaangwa kwa mafuta, anaila palepale mlangoni. Wiki jana nikajipa moyo, nikamwonyesha daftari. Alisoma polepole, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaomba kalamu.

"Na mimi nilikuwa na yangu, Mama Brian."

La kwanza aliloandika: Wakenya wanalima kahawa, wanaiuza yote, wao wanakunywa chai.

Nilitaka kubisha, lakini sufuria yangu ya chai ilikuwa inafurika jikoni.