Nilivyohamisha VM zetu kutoka storeji ya kulipia kwenda ZFS

Tulikaa na storeji ya kulipia miaka sita, yaani mahali pa pamoja zinapokaa data za VM zetu (kompyuta pepe zinazoendeshwa ndani ya seva). Lile boksi la kiwandani mnalolijua, kontrola mbili (ubongo wa boksi, mmoja ukifa mwingine unaendelea), taa za kijani mbele, mkataba wa sapoti wa kila mwaka. Siwezi kusema lilikuwa baya, kazi lilifanya. Kilichotuchosha ni masharti, maana huwezi kuchomeka diski yoyote isipokuwa yenye femwea yao (programu ya ndani ya diski), kunakili snapshoti (picha ya data ya wakati fulani) kwenda boksi la pili kuna leseni yake peke yake, halafu mwaka wa sita wakatuambia modeli yetu inafika mwisho wa sapoti kwa hiyo tununue jipya. Data ni yetu, diski tumezilipia, lakini kila hatua ni kuomba ruhusa. Nikamwomba bosi anipe miezi mitatu nijaribu TrueNAS, mfumo wa storeji unaotumia ZFS (programu inayosimamia diski na data zilizomo), kwenye seva ya kawaida, nikishindwa tununue hilo jipya yaishe. Akakubali.

Tuna VM kama arobaini hivi, juu ya hosti tatu za ESXi, yaani seva zinazoziendesha. Nyingi ni za kawaida tu, ila mbili zina databesi ambazo zikisuasua simu zinaanza kuingia hapohapo.

Seva niliyopata ina nafasi 12 za diski na RAM ya GB 128. Kitu cha kwanza nilichong'oa ni kadi ya RAID, ile inayoziunganisha diski zionekane kama moja, nikaweka kadi ya kawaida ya SAS (njia ya kuunganisha diski) inayoziacha diski zionekane zilivyo, kwa sababu ZFS inataka kuiona kila diski yenyewe, isisimuliwe na kadi. Hilo nililisoma mapema kwa hiyo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni mpangilio. Nilianza na RAIDZ2, kundi moja linalovumilia diski mbili kufa, ya diski zote 12 kwa sababu nafasi inabaki kubwa, na kwa faili kubwa ilikuwa inakwenda vizuri tu. Nilipoweka VM kumi kwa pamoja ikachoka. Kumbe kundi moja la RAIDZ, hata liwe na diski ngapi, kwa visomo vidogovidogo vya hapa na pale lina nguvu inayokaribia ya diski moja, na VM kazi yake ndiyo hiyo, vipande vidogo huku na kule siku nzima. Nikavunja nikapanga upya jozi sita, kila jozi diski mbili zenye data ileile. Nafasi ikabaki nusu, lakini ndiyo VM zikaanza kupumua. Kama storeji yako ni ya VM na diski ni za kuzunguka, panga jozi tu, usihangaike na mengine.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Niliunganisha kwa NFS (njia ya kutumia faili za seva nyingine kupitia mtandao) juu ya mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde, nikahamisha VM moja ya majaribio. Kusoma kunapaa. Kuandika kunakokota miguu, yaani kunakili faili la GB 2 ndani ya VM unasubiri mpaka unasahau ulikuwa unafanya nini. Mwenzangu wa zamu akaja akasimama nyuma yangu, akasema, "Kaka, mbona hii ni polepole kuliko lile la zamani? Na diski ni mpya." Sikuwa na jibu. Nikabadilisha kebo, nikaangalia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kwenye swichi, nikapiga ping za baiti 8972 bila kuruhusu zigawanywe, zote zikapita. Mtandao mzima kabisa. Siku mbili ziliishia hapo.

Jibu lilikuwa kwenye neno moja, sinki. VM ikiandika kitu, hosti inaweza kuiambia storeji: usinijibu "tayari" mpaka data iwe mahali ambapo hata umeme ukikatika sasa hivi haipotei. ESXi ikiwa juu ya NFS inaomba hivyo kwa kila kinachoandikwa. ZFS ni mwaminifu, haijibu mpaka imeandika kweli kwenye logi yake, na kama hujaipa logi mahali pake basi inaandikwa kwenye diski zilezile za kuzunguka ambazo zinaweza mara mia na kitu kwa sekunde. Na lile boksi la zamani je? Lilikuwa na keshi ya RAM yenye betri ndani ya kila kontrola. Data ikifika kwenye keshi linajibu "tayari", betri ndiyo dhamana. Miaka sita lilikuwa linatufanyia hiyo kazi kimyakimya na mimi nikidhani kasi inatoka kwenye diski.

Ukitafuta suluhisho utaambiwa haraka sana uzime sinki, amri moja tu, sync=disabled, na kweli nilijaribu, VM ikaruka. Ila nilitaka kuona kwa macho inagharimu nini. Nikaandika skripti ndogo ndani ya VM, inaandika namba moja baada ya nyingine kwenye faili kwa fsync, yaani ikidai kila namba iandikwe kweli kabla ya kuendelea, kila namba ikithibitishwa inatumwa kwenye mashine nyingine pembeni inayoandika imepokea hadi wapi. Nikaiacha ikimbie kama dakika moja, nikachomoa kebo zote mbili za umeme za storeji. VM nikaizima kwa nguvu, storeji nikaiwasha, VM nikaiwasha, nikafungua faili. Mashine ya pembeni ilisema imethibitishiwa mpaka 61,340. Faili lilikuwa limeishia 57,212. Namba zaidi ya 4,000 ambazo VM iliambiwa ziko salama, hazipo. Hizo zingekuwa miamala ya watu. ZFS inakusanya maandishi kwenye RAM na kuyashusha diski kila baada ya sekunde kama 5, kwa hiyo ukizima sinki hizo sekunde umeziweka rehani. Sinki nikairudisha siku hiyohiyo.

Dawa ni kuipa logi SSD yake, wanaiita SLOG. Sio SSD yoyote, iwe na kapasita ndani za kuishikilia umeme ukikatika, la sivyo umerudi kulekule kwenye ahadi isiyo na dhamana. Wala haihitaji kuwa kubwa, mtandao wa gigabiti 10 ukijaa kwa sekunde 5 ni kama GB 6 tu (biti 8 ni baiti moja), GB 16 inatosha na kubaki. Kilicho muhimu ni wepesi wake wa kujibu na uwezo wa kuandikwa sana bila kufa. Niliweka mbili kwa jozi. Nikarudia jaribio la kuchomoa umeme mara tatu na mara zote tatu hakuna namba iliyothibitishwa ambayo haikuwepo kwenye faili. Kasi ya kuandika ikawa juu ya ile ya boksi la zamani. Kwa kweli nilifurahi sana siku ile.

Kuhamisha kwenyewe hakukuwa na mambo mengi, VM moja moja zikiwa zinafanya kazi, nikianza na zisizo na uzito, databesi mwisho kabisa usiku wa Jumamosi. Boksi la zamani nililiacha linawaka wiki sita bila kitu ndani.

Kuna tulichopoteza na lazima niseme wazi. Kontrola mbili hakuna tena. Seva ikifa, imekufa, na apdeti ya TrueNAS maana yake ni kupanga muda wa kuzima VM. Kwa hiyo nikaweka seva ya pili dhaifu kidogo, kila dakika 15 inapokea mabadiliko kwa zfs send, amri ya ZFS ya kutuma snapshoti. Kabla ya hapo nilikaa na bosi na watu wa hesabu nikawauliza, mkipoteza dakika 15 za kazi mtaweza kuziingiza upya? Wakasema ndiyo, isiwe saa nzima. Wangesema hapana, nisingeendelea na mpango huu, kwa sababu hapo unahitaji kitu kama Ceph, storeji inayosambaza data kwenye seva nyingi, chenye seva tatu na kuendelea, na hiyo ni shule nyingine.

Kitu kingine nilichokipenda ni kuona. Mwezi wa pili, baada ya skrabu (ZFS kusoma data yote na kuikagua), amri ya zpool status ikaonyesha diski moja ina makosa 14 kwenye safu ya CKSUM, yaani data iliyosomwa hailingani na alama yake ya ukaguzi, data imesharekebishwa kutoka kwa mwenzake wa jozi. Diski yenyewe SMART yake, ripoti ya afya ya diski, safi. Nikabadilisha kebo ya SAS, nikafuta hesabu, nikapiga skrabu tena, sifuri mpaka leo. Kwenye lile boksi tulikuwa tunaona taa ya kijani tu.

Angalia nafasi pia, tumejiwekea kikomo cha asilimia 80, kupita hapo kuandika kunaanza kuwa kuzito, na snapshoti za zamani ndizo zinazokula bila kelele.

Kila mwezi tunajifanya seva kuu imekufa, tunawasha VM za databesi kutoka ile ya pili kwenye mtandao uliotengwa. Mara ya kwanza ilituchukua dakika 50 kwa sababu sikuwa nimeandika hatua popote. Mwezi uliopita mwenzangu alifanya peke yake akisoma karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa raki, dakika 11.