Saiti za laivu za wakubwa: kabla hujaweka kadi, shuka kwanza mpaka chini ya ukurasa

Kwa sababu kazi yangu ni simu na kompyuta nishazoea, mtu anaingia inboksi usiku, salamu ndefu, familia hawajambo, kazi zinaendaje, af mwishoni kabisa ndo anaachia: "kaka kuna saiti moja rafiki yangu kaniuliza, ni ya kweli au wapigaji?" Rafiki yake siku zote. Haina shida, mimi sihubiri, mtu mzima ana maisha yake. Nimeona tu niandike mara moja ili mkiuliza niwatumie linki. Naongelea zile saiti za laivu, mtu yuko mbele ya kamera, watazamaji wananunua tokeni (sarafu za humo humo ndani ya saiti) wanamtuza, wengine wanalipia chumba cha faragha kwa dakika.

Sasa shida inaanzia kwenye swali lenyewe, maana watu wakisema "salama" wanamaanisha hela tu. Haitanikata mara mbili? Kwenye hela saiti kubwa nyingi hazina tabu sana, LiveJasmin ipo tangu 2001, Chaturbate tangu 2011, hawana haja ya kukuibia dola 20 wakati unazitoa mwenyewe kwa mkono wako. Siri zako ndo habari nyingine kabisa. Saiti inaweza ikakurudishia chenji mpaka shilingi ya mwisho na bado daftari la majina ya wateja wameliacha barazani.

Na hiyo imetokea. 2020 watafiti wa usalama wa mtandao wa Safety Detectives waliikuta sava (kompyuta inayotunza data) ya CAM4, saiti nyingine ya laivu, iko wazi mtandaoni, haina hata password, ndani kuna data terabaiti 7, rekodi bilioni 10.88. Email za watu, nchi, mwelekeo wa kimapenzi, mazungumzo ya chat, anwani za IP (namba inayotambulisha intaneti yako), na kwa baadhi mpaka majina kamili na kiasi walicholipa. Kampuni ikaifunga ikasema haijaona dalili ya mtu mwingine kuchukua, sawa, ila CAM4 haikuwa saiti ya matapeli wakuu, ilikuwa saiti kubwa yenye jina, mtu alisahau tu kufunga mlango. Kabla ya hapo 2016 mtandao wa FriendFinder, wenye saiti za kutafuta wapenzi, ulivuja akaunti milioni 412, kati ya hizo kama milioni 62 ni za saiti yao ya laivu, Cams.com, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba humo kulikuwa na akaunti milioni 15 ambazo wenyewe walishazifuta. Umefuta, umepumua, kumbe wao wamekuweka tu kabatini.

Kwahiyo mimi nikiulizwa saiti fulani ni salama naanza na hili: siku ikivuja, itakuwa na nini cha kwako? Kama umejiandikisha kwa email ya kazini, jina la akaunti ni lile lile la Instagram, na picha ya profaili ni ya harusi ya dada yako, basi hata saiti iwe imetengenezwa na malaika wewe umeshajianika. Email ya pembeni, jina ambalo hujawahi kulitumia popote, password yake peke yake. Kadi tumia ile ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye M-Pesa, hakikisha inachoweza kufikia ni kiasi unachotaka kutumia na siyo shilingi zaidi, hata wakitaka kukata tena watakuta patupu. (Kama una wasiwasi na email yako ya zamani kuna Have I Been Pwned ya Troy Hunt, saiti inayokuonyesha email yako imewahi kuvuja wapi, na kwa uvujaji wa aina hii wameweka ustaarabu, majibu hayatoki hadharani mpaka uthibitishe kwamba email ni yako. Kwahiyo mkeo hawezi kuandika email yako pale akaiona kwenye uvujaji wa Ashley Madison, ile saiti ya michepuko. Na wewe ya kwake hivyo hivyo.)

Haya, saiti yenyewe unaipimaje. Achana na kile kikufuli cha pembeni ya anwani ya saiti, matapeli nao wanacho, mpaka Chrome wenyewe walikiondoa 2023 kwa sababu watu walikuwa wanadhani kikufuli maana yake saiti ni ya kuaminika, wakati maana yake ni kwamba njia kati yako na saiti imefichwa, hata kama mwisho wa hiyo njia amekaa mwizi. Achana pia na kurasa za "saiti 10 bora", zile nyingi zinalipwa kamisheni kila unapobonyeza ukajiunga, ndo maana huwezi kukuta hata moja imepewa nyota mbili.

Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kule kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayesoma. Unatafuta jina la kampuni na nchi ilipo, nani anapokea malipo, na kwa zile zinazofuata sheria za Marekani utakuta tangazo lenye namba 2257, hiyo ni sheria inayowalazimisha kutunza kumbukumbu kwamba kila anayeonekana ana miaka 18 au zaidi. Mpokea malipo mara nyingi atakuwa CCBill, Epoch au Segpay, na hao ndo watatokea kwenye taarifa yako ya benki badala ya jina la saiti, usije ukashtuka ukapiga simu benki kulalamika af ukaanza kuelezea ulinunua nini. Utashangaa pia majina kumi tofauti ya saiti yanaishia kwenye kampuni moja, wale wale watu kwenye kamera, wale wale bei, rangi tu imebadilishwa. Huo siyo utapeli, ni biashara ya kukodisha saiti iliyokwisha tengenezwa, ila data zako sasa zinapita kwa wawili. Nenda kwa mwenye saiti mama moja kwa moja.

Ukishuka chini ukakuta hakuna kitu, hakuna kampuni, hakuna anwani, kuna fomu ya mawasiliano tu, funga.

Kingine nakiangalia sana ni vitambulisho, na hapa watu wengi wanakielewa kinyume. Saiti inayomdai kitambulisho anayekaa mbele ya kamera ndo saiti nzuri, na tangu Oktoba 2021 Mastercard inawataka wahakikishe umri na utambulisho wa kila anayeonekana. Ile inayomruhusu yeyote kuwasha kamera bila kuulizwa kitu ndo ya kukimbia, maana hujui unayemwangalia ana miaka mingapi, na hilo siyo la kuchezea. Mtazamaji ni tofauti. Uingereza tangu Julai 2025 mtazamaji anatakiwa athibitishe umri kwa sheria, ila wewe upo zako Morogoro saiti inakuomba picha ya kadi ya NIDA mbele na nyuma ili uangalie bure? Hapana. Na ile "weka namba ya kadi kuthibitisha umri tu, hatukati kitu" ndo mtego mkongwe kuliko yote, baada ya siku kadhaa unakuta umeunganishwa na huduma za kila mwezi ambazo hata majina yake huyajui.

Ila niwe mkweli, watu wanaokuja kwangu wanalia hawajapigwa na saiti. Wamepigwa na mtu aliyewatoa kwenye saiti. Mrembo anakwambia humu tokeni ghali bana, njoo WhatsApp. Au ameanzia Facebook moja kwa moja. Anapiga video, upande wake maiki mbovu, picha inakwamakwama (ni video iliyorekodiwa zamani hiyo), anakuomba na wewe uonyeshe, na anasisitiza uso uonekane. Simu inakatika. Inaingia skrinshoti yako, chini yake inafuata skrinshoti ya marafiki zako wa Facebook, shemeji yupo, mchungaji yupo, bosi yupo. "Tuma laki tano dakika kumi la sivyo naanza na huyu."

Usitume. Aliyelipa laki tano anaombwa laki tatu kesho, kashajua unalipa. Hifadhi ushahidi wote kwanza, namba, majina, meseji, ndo umbloku, ficha orodha ya marafiki, nenda polisi na simu yako, na namba ya tapeli itume 15040 kama upo Tanzania. Kuna StopNCII pia, huduma ya mtandaoni ya kuzuia picha za faragha zisisambae, inatengeneza alama ya picha hapo hapo kwenye simu yako bila picha yenyewe kutoka, Facebook, Instagram na TikTok wakiiona alama hiyo wanaweza kuizuia isipande. Magrupu ya koneksheni ya Telegram, yale ya kurushiana video za faragha za watu, ndo mtihani, huko sikudanganyi. Kwa walio Kenya, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inamfunga mpaka miaka miwili anayesambaza picha za faragha za mtu.

Wale wanaotaka kukaa upande wa pili wa kamera nitawaambia mawili tu. Laivu inarekodiwa, kuna roboti zinadaka matangazo hayo na kuyapandisha kwingine, hata ukiifungia nchi yako isikuone. Na Tanzania kuchapisha picha za ngono mtandaoni ni kosa kwa kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, saiti iwe Luxembourg au wapi, wewe upo Sinza.

Af kuna ile email ya kiingereza, "nimekurekodi kupitia kamera yako ukiangalia mambo, password yako ni hii, tuma bitcoin." Ilisambaa sana 2018 na mpaka leo inazunguka. Hana video. Password kaiokota kwenye uvujaji wa zamani kama huo wa FriendFinder, anawatumia maelfu ya watu kwa mpigo. Ifute, usijibu, na kama hiyo password bado unaitumia sehemu yoyote ibadilishe leo, anza na email.