Nilivyomwita mkandaji gesti Mbeya bila kuliwa nauli

"Tuma nauli kwanza, ndiyo ustaarabu." Ushauri huo nimepewa na dereva wa fuso ninayesafiri naye, nikapewa na shemeji yangu, halafu akanirudia nao kaka mmoja wa chumba cha jirani aliyekuwa anavuta sigara koridoni. Wote wanaume, na wote wanaongea kwa kujiamini kweli kweli. Mimi sikutuma nauli hata shilingi, na mgongo wangu ulikandwa vizuri tu, kwa bei tuliyokubaliana kabla mkandaji hajatoka kwao. Kila nikisimulia sokoni wanawake wenzangu wananiuliza, "Kumbe na sisi tunaweza kuita?" Tunaweza, tena sisi ndio tuna nafuu.

Kazi yangu ni viazi mviringo. Msimu ukichanganya nashinda Isyonje na vijiji vya Uporoto, nasimamia upakiaji, nagombana na wanaotaka lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, kisha nashuka mjini usiku ndani ya kebini ya fuso, watu wanne kwenye kiti cha watatu. Saa hizo saluni zimeshafunga. Kiuno kinawaka moto, shingo haigeuki, na alfajiri natakiwa niwe barabarani. Kwa hiyo mkandaji ndiye aje nilipo.

Sasa tusizungukane, sote ni watu wazima. Vikaratasi vingi vya masaji vinavyobandikwa kwenye nguzo za umeme, na matangazo ya kwenye makundi ya simu, havihusu mgongo. Ukiona "huduma zote" na "siri yako ni siri yangu", unajua hapo haukandwi mtu kiuno. Mimi si hakimu wa mtu. Ila msafiri ajue kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayeishi kwa mapato ya ukahaba na anayeendesha danguro, na ndiyo maana mwenye gesti akisikia unaita mtu wa masaji anakukazia macho. Anailinda nyumba yake. Ukishamwelewa hivyo hutagombana naye mapokezi.

Nafuu yetu wanawake ni sauti. Nilikaa kitandani nikaanza kupiga namba za kwenye vikaratasi. Wa kwanza aliposikia "habari za jioni" ya mwanamke akakata. Mwingine akaniambia kwa upole, "Dada, sisi tunahudumia wanaume tu." Mwingine masikini, kabla sijamaliza salamu, akaanza kujitetea: "Mama, mimi mume wako simjui, na namba yake nimeshaifuta!" Nilicheka hadi kiuno kikakaza zaidi. Kwa hiyo nyie wanaume mnaotafuta mkandaji wa kweli, mpeni simu dada wa mapokezi awapigie. Anayekanda kweli ataongea na mtu yeyote.

Lakini huo mchujo haumkamati mwizi wa nauli, maana yeye hajali wewe ni nani. Huyu wangu alijiita Neema. Picha yake ya wasifu ni binti kavaa koti jeupe, kashika chupa ya mafuta. Sauti nyembamba, ya kubanwabanwa. Akasema yuko Uyole, ni mtaalamu, bei ni elfu kumi na tano kwa saa nzima, mafuta juu yake. Bei hiyo tu ilinishtua. Mtu atoke Uyole usiku, abebe mafuta yake, akukande saa nzima kwa elfu kumi na tano, halafu nauli peke yake aitake elfu kumi, tena itangulie? Mimi nilikuwa gesti ya karibu na eneo linaloitwa Mama John, mjini Mbeya. Kwa elfu kumi ningekodi bajaji na kumnunulia dereva chipsi mayai.

Nikafungua simu kama ninayetuma. Unajua ukiweka namba na kiasi, kabla ya namba ya siri inakuja ile sehemu inayokuonyesha jina la unayemtumia. Nikasimama hapo hapo. Jina la mwanaume, majina matatu kamili. "Neema, mbona jina si lako?" Akajibu, "Ni ya kaka yangu dada, yangu imeharibika." Ingekuwa shemeji yangu hapo angeshaweka namba ya siri. Mimi nikasema sawa, nimekuelewa, lakini nauli nampa dereva mkononi hapa getini, hebu mpe simu tuelewane.

Kimya. Nikasikia anasafisha koo. Kisha ikaja sauti nene, nzito: "Haloo mama, mimi ndiyo dereva." Halafu akakohoa, kikohozi kile kile alichokuwa anakohoa Neema. Nikaweka spika, dada wa mapokezi akasogea.

"Mko wapi baba?"

"Tumefika Mbalizi hapa mama, dakika tano tu, ila trafiki ametukamata, anataka elfu tano. Tuma kumi na tano yote kwa pamoja."

Dada wa mapokezi akajiziba mdomo na kanga. Kwa wasioijua Mbeya: Uyole ndiko unakoingilia ukitoka Dar na Iringa, na Mbalizi iko upande wa pili kabisa, njia ya kwenda Tunduma, mji wote uko katikati. Ili wafike Mbalizi walishapita mbele ya geti letu. Nikamwambia, "Basi mmenipita, geuzeni." Akaanza kunielekeza kwamba kuna barabara mpya. Na pale pale nyuma yake konda akapaza sauti, safi kabisa, kama yuko chumbani kwetu: "Kimara Mbezi! Mbezi mwisho!"

"Baba," nikamwuliza, "hiyo Mbezi iko mtaa gani wa Mbeya?"

Simu ikakatika. Kimara na Mbezi ziko Dar es Salaam. Dada wa mapokezi alikaa chini kwenye sakafu akicheka. Namba nikaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, nikalala na kiuno changu kinauma lakini roho safi.

Yule kaka wa koridoni, mwenye ustaarabu wake, asubuhi aliniambia yake kwa sauti ya chini. Alituma nauli. Ikaja "ada ya usajili wa mteja". Ikaja "pesa ya usalama, utarudishiwa ukimaliza". Alipokataa akatumiwa ujumbe kwamba mazungumzo yote yatapelekwa kwa mke wake. Hii inawapata wengi kwa sababu wanajua mwanaume hatakwenda polisi kusema alikuwa anaita nani. Nilimwambia asitume tena, ahifadhi zile meseji, aifungie namba yao isimpate tena. Ukilipa kunyamazishiwa leo, kesho wanarudi.

Mkandaji wa kweli nilimpata mchana uliofuata kwa njia ambayo ningeianza tangu mwanzo kama si kupenda vituko: saluni ninakosukia nywele, Mwanjelwa. Nikamwuliza mama mwenye saluni, akasema yupo binti anakanda pale chumba cha nyuma, jioni akiitwa anakwenda. Nikamwona kwa macho, nikaona na anavyofanya kazi. Nilitegemea mimi ndiye nitamhoji. Yeye ndiye aliyenihoji. Nina presha? Nina mimba? Nina homa? Nimefanyiwa upasuaji karibuni? Akainama akanitazama miguu, akabonyeza kifundo kwa kidole gumba aone kama kinabaki shimo. Akasema mtu aliyesafiri muda mrefu, mguu mmoja ukavimba na kuuma, yeye hamkandi hata akimwaga pesa, anampeleka hospitali, kwa sababu inaweza kuwa damu imeganda na ukiikanda unaisukuma. Neema wa Mbezi hakuniuliza hata umri.

Kisha akanipa masharti yake, na hapo ndipo nilipomheshimu. Jina la gesti na namba ya chumba anamwachia dada yake, na dada yake anapiga simu baada ya saa moja. Mlango unarudishwa, hausokomezwi ufunguo. Aliyelewa hakandwi. Mwanaume anabaki na bukta. Mteja akibadilisha maneno katikati ya kazi, yeye anachukua begi lake anaondoka na pesa hairudi. Ameshaitwa na watu wazima wenye heshima zao, akafika akakuta kinachotakiwa si kukandwa, akarudi kwa miguu usiku. Nusu ya malipo anaichukua akifika, kabla hajafungua chupa. Hiyo nililipa bila neno, mtu amesimama mbele yangu.

Bei: saluni kwake ilikuwa elfu ishirini hivi, kuja gesti thelathini na kitu, bajaji juu yangu kwenda na kurudi. Wengi wanakwama hapo kwenye kurudi. Wanasikia "nauli" wanadhani ni ya kuja, saa tatu usiku binti amesimama getini anasubiri pesa ya kurudia, ugomvi unaanza. Mimi sikubishana naye kwenye bei ya kazi. Nilipunguzia kwenye usafiri: nina kijana wangu wa bajaji, ananipeleka sokoni kila nikiwa Mbeya, nikamtuma amchukue amrudishe, akanifanyia bei ya mazoea. Na ulizeni saa inahesabiwa kuanzia wapi. Wapo wanaohesabu tangu wanapofika getini, na mapokezi pale kuna kuandikwa. Wangu anahesabu tangu anapoweka mkono. Mgongo na shingo peke yake ni nafuu kuliko mwili mzima, sema mapema. Ukimweka asubiri kwa sababu lori lako limechelewa kupakia, ongeza kitu bila kuombwa.

Upande wa gesti, ulizia kabla hujalipia chumba. Ukishalipa, nguvu ya kujadiliana imekwisha. Kwenye kitabu cha wageni umejaza jina, kabila, utokako, uendako, kazi. Mgeni wako naye ataandikwa, na kitambulisho chake kitabaki mapokezi hadi atoke. Mpashe habari mapema asije bila kitambulisho. Soma na karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango: pale kwangu mwisho wa wageni ni saa nne usiku, na atakayepitiliza unalipia chumba kama watu wawili. Mimi nilimwambia dada wa mapokezi waziwazi, "Anakuja binti wa saluni kunikanda mgongo, saa mbili hadi saa tatu na nusu, mlango utakuwa wazi, pita uchungulie ukitaka." Na alipita. Makambako nimeshaombwa elfu kumi ya "mgeni wa muda", haimo kwenye bango lolote, nikaghairi nikalala na maumivu yangu. Iringa nililala kwenye hosteli ya taasisi ya dini, pale hata ndugu yako wa tumbo moja haingii chumbani, hilo hata sikulijadili, kesho yake nikaenda saluni Miyomboni.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mwenye kuijua Mbeya ya mwezi wa saba anajua nasema nini. Nilibeba mafuta ya nazi kutoka Dar, yamekuja maji maji, binti anafungua chupa yameganda meupe kama samli, hayatoki hata ukiigonga. Hakuhangaika. Akaomba jagi la maji ya moto mapokezi, akaitumbukiza chupa humo, akaanza na miguu yangu ikiwa ndani ya soksi wakati mafuta yanayeyuka. Alifunika mwili wote kwa blanketi, akawa anafunua kipande anachokikanda tu na kukirudishia. Alipofika chini ya bega la kulia, pale ninapolalia mlango wa fuso, nilimwita mama yangu. Akasema, "Pole dada, hapa pamejifunga muda mrefu," akapakaa kiwiko mafuta akaegemea.

Nusu iliyobaki nililipa kwenye lipa namba ya saluni, jina likatokea ni la ile saluni, nikaweka namba ya siri. Dada yake alipiga simu kama alivyoahidi, akamjibu yuko salama anafunga begi. Bajaji ilikuwa getini.

Dereva wangu naye sasa anataka aitiwe. Nimempa masharti, amekwama kwenye lile la pombe. Na msiniulize namba ya huyo binti: ana wateja wa kumtosha, na mimi nikishuka Isyonje usiku sitaki kukuta foleni.